Mkagua Machaga wa Bohari

Habari ya kifo chake niliipata Iguguno, kando ya barabara, kutoka kwa dereva aliyekuwa amesimama kupakia alizeti. Alishuka, akanisalimia, akazunguka kutazama matairi yake, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya barabara: "Yule mtu wa machaga amekufa. Wamemzika kwao Ulemo." Nikamuuliza amekufa kwa nini. "Kifua," akajibu. "Kwani wewe ulitaka afe kwa nini? Kwa ngumi?" Utingo wake akacheka mpaka akashika ubavu wa lori. Kwa aliyemfahamu marehemu, swali lile halikuwa mzaha mtupu. Alikuwa mtu wa kupiga. Alipiga wapakiaji, alipiga matingo, alipiga mbwa waliokuja kulala kwenye ngazi za bohari, na siku moja, mbele ya macho yangu, alimpiga mama aliyekuwa anaanika chakula cha watoto wake. Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikiwasifu waliotutoka. Leo mnivumilie, kwa sababu nataka kumkumbuka mtu aliyekuwa na haki katika jambo kubwa, akaliharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Chaga, kwa ambaye hajafanya kazi ya ghala, ni jukwaa la mbao linalotandikwa chini ya mzigo ili gunia au pipa lisiguse sakafu na hewa ipate njia. Miaka ile baada ya uhuru, na baadaye wakati wa vijiji vya ujamaa, machaga yalikuja na shehena kutoka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Itigi na kwa malori mpaka Singida mjini. Yalikuja chini ya mbolea, chini ya majembe, chini ya unga wa msaada, na chini ya mapipa ya dawa ya wadudu wa pamba. Mbao zake zilikuwa laini, zimenyooka, zimepigwa randa upande mmoja, na katika mkoa wetu ubao uliopasuliwa vizuri haukai chini hata siku moja. Chaga likitoka bohari lilikuwa mlango, kitanda, kichanja cha vyombo, banda la kuku. Kazi ya marehemu ilikuwa kusema lipi litoke na lipi lisitoke.

Alikuwa na utaratibu ambao hakuuruka hata alipoharakishwa na wakubwa. Kwanza alitaka kujua chaga lilibeba nini. Asipopata jibu alihesabu kwamba lilibeba sumu. Kisha aliligeuza juani na kulitazama tumboni, maana pipa linapovuja dawa hushuka, na doa unalolitafuta juu limejificha chini. Alichokonoa nyufa na matundu ya misumari kwa ncha ya kisu. Alibandua ubao mmoja akaupasua kwa shoka, kwa sababu ubao unaweza kuoshwa uso ukang'aa na ndani bado umelowa. Pale palipopasuka alimwaga maji ya moto, akafunika kwa gunia, akaenda zake. Akirudi alifunua na kunusa kwa mbali, akiupunga mvuke kwa kiganja uje puani kidogo kidogo. Hata hapo hakuridhika. Alipaka asali kwenye ubao, akauweka kivulini, akachuchumaa kutazama nzi. Nzi akila akaruka, vizuri. Nzi akila akaanza kuzunguka kwa mgongo, lile chaga lilikatwa pembe kwa shoka na kutupwa nyuma ya bohari, likingojea kufukiwa. Hakuyachoma. Alisema moshi wake ni sumu ileile, ila sasa imepata mabawa.

Mimi nilikutana naye nikiwa utingo mwenye njaa. Tulifika mchana, tukaambiwa tusubiri kushusha, nikaenda nyuma ya bohari nikaokota vipande vya ubao, nikawasha moto na kubandika sufuria ya ugali. Sikusikia hatua zake. Nilichosikia ni bapa la panga likitua mgongoni mwangu, kisha sufuria ikapigwa teke na ugali ukaenda mchangani.

"Ubao umetoa wapi?"

"Pale nyuma, mzee."

Bapa likatua tena. "Pale nyuma ni kwa mama yako?"

"Njaa, mzee."

"Kula mchanga. Mchanga hauui."

Kisha akanishika ukosi, akaniburuta upande ambao moshi hauelekei, akanikandamiza kichwa kama mbuzi anayenyweshwa dawa na kunimwagia usoni maji yake ya kunywa mpaka macho yakaacha kuwasha. Hakusema kwa nini. Sababu niliipata baadaye, kwa kuuliza huku na huku na kujikongoja kusoma maandishi ya kwenye mapipa. Siku ile nilijua tu kwamba bohari kuna mzee kichaa, na ndivyo nilivyowaambia matingo wenzangu. Nao wakawaambia wengine. Hivyo ndivyo sifa yake ilivyotembea mkoa mzima kwa malori yetu: hakujulikana kama mtu anayejua sumu, alijulikana kama mtu anayewagombeza watu kwa sababu ya kuni.

Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Wakati huo nilikuwa nimepata leseni na lori nilikuwa naliendesha mwenyewe. Waliokuwa wakubwa wanakumbuka. Mahali pengine watu walihama kwa kuimba, na mahali pengine hawakuimba. Upande wa Mgori niliona mzee akivutwa miguu kutoka ndani ya nyumba yake huku ameshika mwimo wa mlango, na alipouachia kucha zake mbili zilibaki pale. Niliona mgambo wakitia moto mapaa ya nyasi ili wenyewe wasipate pa kurudi. Akina mama walipakia mitungi na watoto kwenye lori langu, na vilivyokuwa vimechimbiwa ardhini viliungua: vihenge vya mtama, mazizi, na vichanja vya kuanikia. Neno la mwisho hilo lilionekana dogo kwangu. Kumbe kwa mama wa Singida kichanja ni nusu ya jiko. Ndipo anapoanika mlenda, ndipo anapoanika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba vibichi na kukaushwa kwa jua ili vivushe watu kiangazi. Kijiji kipya kiliwekwa kwenye uwanda mtupu, na kukata hata ufito katika msitu wa Mgori kulikuwa kumekatazwa. Watu wakawa na viazi, wakawa na jua, wasiwe na pa kuanika.

Ndipo mimi nikapeleka dawa ya pamba katika ghala la kijiji kile, mapipa yamepangwa juu ya machaga. Baadaye nikarudisha bohari mapipa matupu. Marehemu alipanda juu ya lori, akayapapasa moja baada ya jingine, akakuta mawili yana ufa chini kwenye ukingo. Akasimama.

"Machaga yako wapi?"

"Yamebaki kijijini."

"Nani alisema yabaki?"

"Hakuna aliyesema yarudi."

Nilikaza mgongo nikingoja bapa. Halikuja. Alishuka, akachukua shoka lake, akaingia mbele, akafunga mlango. "Washa gari."

Alikuwa ameshika mpini wa shoka kwa mikono miwili, na kila nilipopunguza mwendo kwa sababu ya mashimo alipiga sakafu kwa kisigino. Tulipofika, mtunza ghala alituambia machaga yamekwisha kuchukuliwa na watu, akaongeza, "Ni mbao tu, mzee, ghala halikuibiwa kitu." Marehemu alimsukuma kifuani akaanguka juu ya magunia, akatoka akitazama nyua. Ua wa kwanza tu, akaliona. Chaga limeinuliwa juu ya mawe, zuri kuliko kichanja chochote cha fito, mianya yake imelingana kabisa kwa kupitisha hewa. Michembe ilikuwa imetandazwa juu yake, myeupe, inaanza kujikunja. Mama wa pale alikuwa ameinama anageuza vipande. Kando yake binti yake mdogo amekaa chini, anatafuna.

Marehemu hakusalimu. Kwetu, mwanamume mzima akiingia uani kwa mtu bila salamu, amekwisha kupiga kofi la kwanza. Alifika, akashika ukingo wa chaga, akalipindua lote, akaanza kuikanyaga michembe kwa viatu vyake vya bohari, akiisaga mchangani.

"Wewe baba! Una nini wewe?"

"Sumu! Ondoka!"

"Sumu wewe mwenyewe! Chakula cha watoto hicho!"

Akamrukia na kumshika shati. Marehemu akampiga kwa nyuma ya kiganja, mama akaangukia mafiga, mdomo ukapasuka. Aliinuka na damu kidevuni, akaukamata mkono wa marehemu kwa meno akakaza, na yule akampiga begani kwa mpini wa shoka mpaka akaachia. Kelele zake zikaita wanaume waliokuwa wanachimba choo jirani. Walikuja na majembe mkononi.

"Mlichoma nyumba yangu!" mama alikuwa anapiga kelele. "Kichanja changu kimeungua na nyumba! Msituni mmesema tusikate hata ufito! Na hii nayo mnamwaga? Tule nini, tule ujamaa?"

"Ni yule wa bohari," mmoja akasema. "Yule wa kuni. Leo kafuata kuni huku."

"Mzee, kwani kwako hamna mke wa kupiga?"

"Na dereva ni yuleyule aliyetuleta!"

Nilijaribu kusema. Mpini wa jembe ulinipata begani, nikaanguka kwa magoti, na tangu hapo niliona mambo kutoka chini. Walimpokonya shoka. Walimpiga kwa mipini, kwa mateke, kwa mawe yaleyale yaliyokuwa yameinua chaga. Mkono wake wa kulia ulipovunjika nilisikia, ni sauti ya bua kavu la mtama. Alikuwa bado anasema sumu, sumu, na meno yake yanatoka pamoja na maneno.

Wakati huo kuku walikuwa wamekuja kudonoa michembe iliyotapakaa. Kuku wa kijijini hajali ugomvi wa watu. Wa kwanza alisimama, akatikisa kichwa kama aliyepaliwa, akaanza kujirusha, mabawa yakipiga mchanga, akalala ubavu akitetemeka miguu. Akafuata wa pili, na wengine. Mtu akapiga kelele, "Kuku! Tazameni kuku!" Mikono ikasimama hewani. Nilifikiri: amepona. Ushahidi huu hapa, unakufa mbele ya kila mtu. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Ni viatu vyake! Ameikanyaga kwa viatu vya bohari! Amekuja kutuua!"

Nimelifikiria neno lile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nafika palepale: halikuwa neno la mjinga. Aliyelisema alikuwa ameona chakula kizuri, akaona mtu anayechukiwa akikikanyaga kwa viatu vilivyotoka kwenye ghala la sumu, akaona kuku wanakufa. Kwa alichokuwa nacho, hesabu yake ilikuwa sawa. Walianza upya, na sasa hawakuwa wanapiga ili kuadhibu. Mmoja aliinua jiwe kubwa la mafiga kwa mikono miwili, akawa anatafuta nafasi ya kusimama vizuri juu ya kichwa chake.

Mama mwenye ua hakuwa pale. Alikuwa ameingia ndani, akatoa kapu la michembe ya siku zilizopita, iliyokauka juu ya chaga lilelile na ambayo kiatu cha mtu hakijaigusa. Alikuwa na jogoo amefungwa kamba mlangoni, anayelindwa kwa ajili ya wageni. Alimmwagia konzi ya michembe, akasimama kutazama, damu ikimdondoka kifuani, wakati nyuma yake mtu anauawa. Jogoo alidonoa. Jogoo akaanguka. Mama akaikata kamba, akamshika yule ndege miguu akiwa bado anajirusha, akaja mbio na kumpiga naye usoni yule mwenye jiwe.

"Hii haijakanyagwa! Ni ya kapuni! Ya kapuni, mnanisikia?"

Jiwe likaanguka pembeni. Yeye hakungoja wamwelewe. Alikuwa amekwisha geuka kumtafuta binti yake. Mtoto alikuwa amelala pale alipokuwa amekaa, mate yanamtoka kama uji, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za ulezi.

Tuliwapakia wote wawili nyuma ya lori, mtoto mapajani mwa mama yake, na marehemu juu ya mabati ya sakafu, mkono umegeuka upande usio wake. Wanaume waliokuwa wanampiga ndio waliomnyanyua. Niliendesha gari ile kama ambavyo sijawahi kuendesha. Kupitia dirisha dogo la nyuma nilimsikia akisema kwa mdomo uliovunjika, bila ukali, kama anayeomba: "Mlaze ubavu, mama. Mate yatoke nje. Usimnyweshe kitu." Mama alifanya hivyo bila kumtazama. Tulipokuwa tumeanza kuona mawe makubwa yanayoizunguka Singida mjini, bati juu ya kichwa changu liligongwa. Nikasimama. Mama akasema, "Geuza. Turudi tukamzike." Nikamtazama marehemu, maana hospitali ilikuwa mbele na yeye alikuwa anatokwa damu sikioni. Akasema, "Si umesikia? Geuza." Tukarudi. Alikaa juu ya lori kule nje ya ua mpaka maziko yalipokwisha, na watu wa kaya nyingine wakaja mmoja mmoja, wakayaweka machaga yao miguuni pake. Mkono ule haukunyooka tena.

Zamani zile nilidhani kisa hiki ni juu ya sumu. Ni juu ya sumu, na msomaji aliye na chaga nyumbani, analolalia au kuwekea mahindi, aende leo akaligeuze na kulitazama tumboni. Lakini si hilo peke yake lililomuua yule mtoto. Dawa ya aina ile humpa mtu muda, kidogo tu, na muda ule ulikuwepo. Sehemu yake ilitumika kumpiga mama, na sehemu kubwa ilitumika kumpiga aliyempiga mama. Sisi wa kizazi kile tulikuwa na haraka ya kuwatendea watu mema. Tuliwapeleka penye shule kwa kuwachomea nyumba, tukawaondolea sumu kwa kuwamwagia chakula, na tukashangaa kwamba hawatuamini hata tunaposema kweli. Mtu aliyepigwa na mkono fulani hawezi kutofautisha leo mkono ule umeleta nini. Hana nafasi hiyo. Anajikinga.

Marehemu alilijua hili kuliko mimi, ingawa alilisema mara moja tu, miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumekaa juu ya gunia. "Mtoto nilimwona," aliniambia. "Nilimwona anatafuna. Lilitakiwa swali moja tu: nani amekula? Nilikuja na shoka, swali sikuja nalo." Hakulia, wala hakuacha kazi. Alibadili utaratibu. Alijifunza kutumia shoka kwa mkono wa kushoto, na kila tulipokwenda vijijini kufuata machaga alinilazimisha kupakia kwanza fito na kamba za katani, ambazo aliziombea kibali mpaka wakubwa wakamchoka. Akifika uani alisimama nje, akabisha hodi, akasalimu na kungoja kuitikiwa hata kama ilichukua muda. Kisha aliuliza nani amekula. Kisha alijenga kichanja kipya. Chaga alilichukua mwisho, na kabla ya kulichukua alimwachia mwenye nyumba apasue ubao mwenyewe, apake asali mwenyewe, atazame nzi mwenyewe. Hasira hazikumwisha; nimemwona akienda nyuma ya lori kupiga tairi mateke. Lakini alikwenda nyuma ya lori.

Baada ya kupata habari ya kifo nilipita kwa yule mama. Sasa ana mvi, nami kwa heshima ya yaliyompata nilimwamkia shikamoo ingawa tunakaribiana umri. Nikamwambia. Alikuwa anachambua mlenda, na mikono yake haikusimama. "Sikumsamehe," akasema. "Alikuja hapa, akajenga kichanja, nikakipokea. Nilipokea fito. Kusamehe sikusamehe." Nikamuuliza kama angependa niandike hilo gazetini. "Andika," akasema. "Andika na kwamba mtoto alikuwa amekaa pale pale, karibu na miguu yake."

Nimeandika. Na ninyi mnaokagua chochote kwa niaba ya wengine, iwe mbao, maji, dawa au nyama, mnaoingia nyumba za watu mkijua jambo ambalo wao hawalijui: simameni mlangoni, salimuni, na kabla hamjagusa kitu cha mtu ulizeni ni nani amekwisha kula. Mengine yote ya ukaguzi yanaweza kungoja. Aliyekula hawezi.